Mlango wa Mkwe

Silanga, Kibera
Jumapili, 16 Februari 2025

Mimi ni kukhu! Nelima, mimi ni nyanya ya mtu, na nimeambiwa na mwanamke aliyekuja kununua makaa!

Haya, sasa nisalimie kama mtu aliyelelewa. Bwana asifiwe, mwanangu. U hali gani? Mtoto je? Maziwa yanatoka? Baba yake naye ni mzima? Mimi sina neno. Mgongo ni ule ule, lakini tangu juzi hata mgongo nimeusahau.

Ni Mwongeli, dada ya Alvin wako. Alikuja kwa kibanda changu, akachagua makaa weee, akatupa hili akachukua lile, halafu akasema vile mtu husema mvua imekaribia: "Lakini Mama Ambrose, wewe sasa si ni shosh? Mtoto si ana wiki tatu?" Nelima, gunia liliniponyoka. Makaa yalimwagika mpaka kwa mtaro na sikuyaokota. Nilimkumbatia Mwongeli na mikono yangu nyeusi hivyo hivyo, akarudi kwao akiwa na mkono wangu kwa sweta.

Sijakasirika. Nimekasirika kidogo. Najua baada ya wale wawili waliotutoka kabla ya siku zao tulikubaliana tusiitaje hii mimba kwa sauti. Lakini mtoto akishalia si anatajwa? Ningejua, ningepiga kigelegele huku Silanga wakisikie mpaka Nyayo Highrise.

Ati ni msichana, na ameitwa Katunge, jina la mama ya Alvin. Sawa. Wakamba wana desturi yao ya kuanza na upande wa baba. Nasipwondi, jina langu mimi, pia ni jina zuri, lakini sisemi kitu.

Leo kanisani nilisimama kabla hata hawajauliza nani ana ushuhuda. Niliwaambia Mungu hajalala. Niliwaambia binti yangu aliyelia miaka mitatu sasa anaimbia mtoto. Magdaline, mwenyekiti wetu wa kina mama wa Jumatano, akauliza, "Mtoto anafanana na nani?" Nikamwambia, "Uso sijauona, lakini miguu ni ya Murunga." Unajua vile marehemu baba yako alikuwa na miguu! Niliwaambia huyo mtoto amezaliwa akitaka kukimbia, kwamba alikuwa anapiga teke mpaka daktari akarudi nyuma. Kanisa lilicheka na kupiga makofi. Nelima, sijapigiwa makofi hivyo tangu ndugu yako Ambrose apite mtihani.

Sasa wanataka kuja kumwona mtoto, na wanauliza nitawapeleka lini. Hapo ndipo nilijifanya nakohoa. Wewe unajua. Mimi ni mama mkwe. Alvin hajaleta hata mbuzi mmoja wa mahari kwetu, na hata akileta, nyumba yenyewe ni chumba kimoja, kitanda kiko hapo nyuma ya pazia. Nitaingiaje mahali ninaona kitanda cha mkwe wangu? Kwetu Bungoma mama yangu alikufa bila kuingia kwa dada yangu. Na kwao Kitui nasikia ni vile vile, tena wao ni wakali kutushinda. Ungekuwa bado hospitali ningekuja mbio, maana hospitali si ya mkwe. Lakini ulinyamaza mpaka ukarudi nyumbani.

Basi naandika. Usiniambie mambo ya simu. Kwa simu unasema "niko sawa, mum," halafu unakata. Barua huwezi kukata. Hii nimempa Omolo, yule anayesukuma mkokoteni wa sukuma wiki kutoka mashamba ya hapa kwa dam mpaka soko la Kawangware. Amesema atakuletea hadi kwa geti. Nimemfungia pia unga wa wimbi, mboga ya saga, na leso ile ya maua ambayo nilikataa kumuuzia Magdaline. Mfunge mtoto nayo. Jioni uniandikie nijue ana nywele gani.

Mama yako

*

Silanga, Kibera
Jumapili, 2 Machi 2025

Nelima mwanangu,

Salamu nyingi katika jina la Bwana. Natumaini mko wazima, wewe na kichuna wangu na baba yake. Huku ni wazima, ila jua ni kali na mboga zinalala kabla ya saa sita.

Omolo anaapa alikupa barua kwa mkono wako. Anasema ulikuwa na mtoto, lakini ulikuwa umemfunika kama mkate wa moto. Nikamuuliza, "Ulimwona uso?" Akasema, "Mama, mimi nasukuma mkokoteni, sikagui watoto."

Wiki mbili, Nelima. Kila mara Omolo akirudi namtazama mikono kabla ya uso.

Jumatano kina mama waliuliza tena. Nikawaambia mtoto ana nywele nyingi, nyeusi ti, zimelala mpaka shingoni. Nikawaambia analala usiku kucha kama mtu mwenye kazi ya serikali. Sijui nilitoa wapi. Mdomo ulifunguka na maneno yakawa hapo tayari. Nikirudi nyumbani nikakaa kwa kitanda na kuuliza ukuta, hivi Nasipwondi, huyo mtoto unayemsifu ni wa nani?

Nyumba imekuwa kubwa. Cheka tu, chumba hiki wewe ulikuwa unasema ukinyoosha mikono unagusa majirani wote wawili. Lakini tangu Ambrose ahamie Eldoret, napika chai ya vikombe viwili kwa mazoea na cha pili nakinywa kikiwa baridi.

Kama nimekukosea niambie. Kama ni mtoto anaumwa, niambie haraka.

Mama yako

*

Kawangware
Alhamisi, 6 Machi 2025

Mum,

Bwana asifiwe. Natumai uko poa na mgongo haukusumbui sana. Asante kwa wimbi, nakunywa uji kila asubuhi. Leso ni smart sana.

Mtoto haumwi. Ananyonya vizuri. Nywele ni chache, mum, ziko tu juu hapa kati kama za mzee. Usiku halali. Alvin naye yuko mjengo Konza, anachomelea madirisha ya nyumba za watu, anarudi wikendi moja na kuruka moja. So tuko wawili tu.

Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama kwa geti, Omolo bado anageuza mkokoteni. Nikafika pale pa miguu ya baba. Nikaikunja.

Mum, Katunge alizaliwa na miguu imepinda. Yote miwili. Nyayo zinaangaliana, vidole vimeelekea ndani. Nilipoamka hospitali nikaona nesi wawili wanaongea polepole na mmoja akavuta blanketi. Ndiyo maana sikukupigia. Nilijua utauliza anafanana na nani.

Wamesema inatibika, usianze kulia. Kila Jumanne nampeleka kliniki, wanavuta miguu kidogo kidogo na kuifunga plasta nyeupe kutoka vidole mpaka mapajani. Wiki inayofuata wanafunga nyingine. Asubuhi ya kliniki lazima nimtoe ile ya zamani nyumbani. Namkalisha kwa beseni ya maji ya vuguvugu, ikilainika nafungua kama bandeji. Inachukua muda mrefu na analia mpaka anakauka sauti.

Huwa namfunika njiani. Juzi nilisahau, mguu ukatoka kwa leso, mama mmoja kwa foleni ya maji akaniuliza, "Ulimwangusha?" Mwingine akamjibu kabla yangu, "Ni vitu vya kuolewa bila watu kujua." Alisema kama anaongea na mtungi wake. Nilibeba maji yangu nikaenda.

Hapa kwa ploti hakuna mtu ananijua vizuri. Kanisani sijaenda tangu nizae. Naogopa wataniuliza anafanana na nani.

Usiwaambie kina mama bado. Ama waambie. Sijui.

Binti yako

*

Silanga, Kibera
Jumapili, 9 Machi 2025

Mwanangu Nelima,

Nakusalimu kwa upendo wa Kristo. Pole. Pole sana, pole kwa beseni, pole kwa njia, pole kwa midomo ya watu wa foleni. Mimi mwili ni mzima.

Nimesoma barua yako mpaka karatasi ikalowa nikaianika juu ya jiko. Niliwaza vile nilisimama kanisani nikasema miguu, miguu, na watu wakapiga makofi. Kati ya viungo vyote Mungu alivyompa binadamu nikachagua miguu! Ningesema masikio si ningepona?

Nimeanza kufunga. Siku tatu nakunywa maji tu. Nimemwambia Bwana, wewe uliumba mifupa, nyoosha. Tena usinicheleweshe kama wale wengine.

Sasa nikuambie jambo kama mzazi na usikasirike. Mimi sisemi ni laana. Mimi nimeokoka, laana siamini. Lakini watu wa kwenu na watu wa Kitui watasema ni laana, kwamba nyinyi mmekaa hivyo bila mbuzi kuletwa, bila wazee kukaa chini. Mwambie Alvin alete mbuzi wa kwanza hata kama ni mdogo, ili midomo ifungwe. Siku hiyo ikifika, njia itafunguka na mimi nitajua mahali pa kukanyaga.

Na hawa kina mama, nimewasongesha mbele. Nimewaambia una homa. Lakini Magdaline si mtu wa kusongeshwa, huyo akisema anakuja anakuja. Wakija huko bila mimi, wewe mfunge mtoto vizuri na leso ile, umlaze chini ya blanketi. Sema analala. Wataona uso, wataomba, wataacha sukari na kwenda. Si kudanganya, ni kujistiri.

Usiache kuomba. Nilikufundisha ukiwa mdogo kama kijiko: damu ya Yesu inatosha. Nilisema hivyo tukizika baba yako, nikasema hivyo maji yalipoingia nyumba mpaka kwa magodoro, na inatosha hata sasa.

Nimetuma saga tena na mayai sita. Omolo ameapa hatavunja.

Mama yako anayekupenda

*

Kawangware
Ijumaa, 14 Machi 2025

Mum,

Salamu. Tuko salama. Mayai yalifika matano. Omolo anasema la sita lilijivunja lenyewe.

Nimekaa na barua yako siku nne ili nisikujibu vibaya. Lakini bado.

Nikuambie vile kliniki hukaa. Tunapangwa kwa benchi moja refu. Kila mtoto ameshikwa na watu wawili, kwa sababu wakati wa kufunga plasta mmoja anashika mikono na kumwimbia, mwingine anashika goti lisiteleze. Karibu wote wamekuja na mama zao. Kuna mmoja kutoka Machakos, mama yake amezeeka haoni vizuri, lakini anakaa hapo na kushika kidole cha mtoto. Mimi nashika vyote. Nimeweka mikono ya Katunge chini ya kidevu changu na goti kwa mkono wa kulia. Jumanne yule wa plasta aliniuliza, "Shosh wa huyu yuko mashambani?" Nikasema ndiyo. Mum, wewe uko Silanga. Nikisimama juu ya choo cha ploti naona mabati ya huko.

Umesema niombe. Naomba. Nikiwa na beseni naomba, lakini maneno yameisha. Zamani nilikuwa nasema mengi. Sasa nasema tu "Yesu, Yesu" mpaka plasta inalainika, na hiyo ndiyo maombi yangu yote ya wiki. Sijui kama inahesabiwa. Mara nyingine nasikia kama kuna mtu amekaa kwa kitanda nyuma yangu, ametulia, ananingojea nimalize. Mara nyingine hakuna mtu.

Umesema nimfunike. Mimi tayari namfunika barabarani, mum, kwa sababu ya watu. Sikujua nitaambiwa nimfunike kwa sababu ya kanisa.

Na umeandika damu ya Yesu inatosha. Mimi naamini, ni wewe ulinifundisha. Lakini nataka kukuuliza, na sikuulizi kwa ubaya. Inatosha mpaka wapi? Inatosha mpaka mlangoni tu?

Mbuzi Alvin ataleta. Anajitahidi. Hata yeye anakuogopa, ile siku alikuona Sarang'ombe kwa barabara aliruka akaingia kwa kinyozi, akanyolewa nywele ambazo hakuwa anataka kunyoa. Lakini mtoto hawezi kungoja mbuzi ndiyo ashikwe.

Binti yako

*

Kawangware
Jumapili, 13 Aprili 2025

Mum,

Natumai uko salama. Sisi tuko. Mwezi mzima sijapata neno lako, hata Omolo anasema ukimwona unageuka unapanga makaa.

Jana nilikuona.

Nilikuwa naanika nepi huko juu, kwa kamba ya ghorofa ya pili. Uliingia kwa geti na ile gauni yako ya bluu ya kanisa. Ulisalimia mama wa maji, yule anayeuza maji hapo getini, akakupa kiti chake. Nilishuka ngazi mbili nikasimama. Nikasema, wacha kwanza. Wacha nione kama atauliza mlango ni upi.

Ulikaa. Ulifunga kitambaa ukafungua, ukafunga tena. Mlango wangu ulikuwa wazi, mum, hatua kidogo tu, na Katunge alikuwa ndani analia, lazima ulisikia, hata mama wa maji aligeuka. Ulisimama. Nikafikiri sasa. Ukaweka mfuko wa mboga ya managu kwa kiti, ukaenda.

Sikukuita. Ningekuita. Nilikuwa na pini za nepi kwa mdomo, lakini si hiyo ndiyo sababu. Nilitaka uje bila kuitwa.

Niliingia ndani nikamshika mtoto, na ile nyumba ilikuwa kimya hata akilia.

Jumanne wanamkata kidogo nyuma ya kisigino, kamshipa ambako kamekaza. Wanasema ni kitu cha dakika chache na hasikii sana. Baada ya hapo plasta ya mwisho, halafu atavaa viatu vilivyounganishwa na chuma katikati. Alvin hatapata ruhusa. Nitamshika mwenyewe, nimeshazoea.

Managu ilikuwa tamu. Pasaka njema.

Binti yako

*

Silanga, Kibera
Jumapili, 18 Mei 2025

Nelima mwanangu, mama yangu,

Bwana asifiwe, na asifiwe tena kwa sababu amenivumilia. Je, mko wazima? Kisigino kimepona? Viatu vya chuma amevipokea ama anapigana navyo? Nauliza kama mtu mwenye haki ya kuuliza, na najua sina.

Nimekaa kimya miezi miwili. Barua yako ya kuniona nilikuwa nayo kwa sidiria nikiuza makaa, nikiinama inanichoma. Ni kweli nilikuja. Ni kweli nilisikia analia. Nikimsikia, mguu wangu mmoja ulitangulia peke yake, naapa, ulikuwa unaenda. Halafu nikaona pazia. Mlango wako ulikuwa wazi na nikaona ile pazia ya kijani ndani. Nikasikia mama yangu akiniita jina langu la utotoni. Nikarudi kwa miguu mpaka Kibera, sikutaka kukaa karibu na watu.

Pasaka nilienda kanisani nikaimba, na nikasema nimebarikiwa. Nilisema kwa sauti. Nikirudi sikupika.

Sasa sikiliza vile mambo yameenda.

Jumatano hii kina mama walikuwa wanapanga ziara, na Magdaline akasema, "Mama Ambrose, homa ya Nelima ni ya aina gani hii, ya miezi miwili?" Wakacheka. Nikasimama nicheke nao, mdomo ukafunguka vile huwa, nikingoja uniletee uongo mzuri. Ukaleta ukweli. Niliwaambia mtoto ana miguu iliyopinda. Niliwaambia sijamwona. Niliwaambia nywele nilitunga, usingizi nilitunga, daktari kurudi nyuma nilitunga. Niliwaambia nilifika kwa geti, nikamsikia mjukuu wangu analia, nikaacha mboga nikaenda.

Nilidhani wataniombea. Magdaline akavua miwani akaipangusa na kusema, "Kwa hivyo miezi mitatu tumemshukuru Mungu kwa mtoto wa kutungwa, na yule wa kweli hajaombewa hata mara moja?"

Nikasema, "Ni hivyo."

Akasema, "Wewe Nasipwondi, kwa Biblia kuna watu walitoboa paa la wenyewe ili mgonjwa afike mbele ya Yesu. Hawakuuliza paa ni la nani, na hakuna mahali imeandikwa walikataa kuona kitanda. Wewe hata hujaambiwa utoboe mabati. Mlango uko wazi."

Nikamwambia mambo ya ukwe. Akasema yeye pia ni Mbukusu, ukwe anaujua, asifundishwe. "Sisi tunaenda," akasema. "Ukitaka, ubaki hapo nje utuchungie viatu." Waliangua kicheko, na mimi nikacheka na kulia pamoja, kamasi ikanishinda.

Hiyo ilikuwa Jumatano. Alhamisi nikiwa ndani napepeta maharagwe, nikasikia mtu anakohoa nje, upande wa nyuma ambako naweka magunia. Si kikohozi cha ugonjwa. Ni kile cha heshima.

Nikasema, "Ni nani?"

"Ni mimi."

"Mimi ni wengi."

"Ni Alvin, mama. Usitoke."

"Sitoki. Na wewe usiingie!"

"Siingii."

Tukabaki hivyo, mabati katikati. Nilikuwa naona viatu vyake tu hapo chini, ambapo mabati hayafiki ardhini. Vina matobo ya cheche. Nikageuza macho nikatazama maharagwe, maana hata viatu vya mkwe sijui kama vinatazamwa.

Akaniambia, "Mama, mimi nimekuja kukuomba. Mbuzi nitaleta, nimeshaongea na mjomba wangu, wazee watakuja Agosti. Lakini Nelima haongei. Nikirudi kutoka Konza napata amekaa tu na mtoto. Anaongea na Mungu, mimi ananijibu kwa kichwa."

Nikaokota harage moja lililoanguka nikalirudisha kwa ungo.

Akasema, "Kwetu tunaogopana na mama mkwe kwa sababu ya heshima. Lakini sasa hii heshima imekuwa nzito, inamlalia mtoto."

Nikamuuliza, "Na wewe hutaona aibu, nikiingia?"

Akasema, "Nitaona aibu sana, mama." Halafu akasema, "Uingie tu."

Nelima, nililia. Na yeye nilimsikia huko upande wake anavuta pumzi vile mtu huvuta akitaka isisikike. Mwanaume wa kuchomelea vyuma! Nikampitishia kikombe cha chai hapo chini ya mabati, na mkono wake ukakichukua. Ndiyo mara ya kwanza nimemlisha mkwe wangu. Huyo kijana ulichagua vizuri, sikuwahi kukuambia, na sasa nitawaambia watu mpaka wachoke.

Kwa hivyo nakuja. Nisikudanganye kwamba nimeacha kuogopa. Nimeomba uoga uondoke na haujaondoka, nikamwambia Bwana basi nitakuja nao, tutaingia pamoja mimi na uoga wangu na yeye atangulie. Pazia uivute vizuri uibane na pini. Alvin amesema atakuwa nje anapanga benchi za kukodisha, tutapishana bila kutazamana usoni, tutajua vile tutafanya.

Uliniuliza inatosha mpaka wapi. Mimi sina masomo ya kukujibu. Nitakujibu nikiwa ndani.

Mtoto usimfunike. Nimesikia akivaa hivyo viatu anakuwa kama ndege iko tayari kuruka, na hakuna mtoto mwingine Silanga yote mwenye viatu vya chuma vya hospitali, hata huko Nyayo Highrise na lifti zao hawana. Nimeshawaambia. Hiyo si kutunga, hiyo ni kweli, kwa hivyo niache nijivunie kidogo. Na Jumanne inayofuata, na zile zingine za kliniki, mimi ndiye nitashika mikono. Wewe ushike goti.

Usipike. Tunakuja na kila kitu, mchele, kuku wawili, soda, na Omolo ametoa mkokoteni bure kubeba sufuria. Kina mama wote wa Jumatano wanakuja, Magdaline mbele na ngoma yake. Mwongeli anakuja na watu wa upande wa Alvin wanaokaa hapa Nairobi. Mama wa maji pia mwambie, na hao wa foleni waliouliza kama ulimwangusha, waite, kuna chakula. Mimi nitaingia wa kwanza, kabla ya ngoma.

Ni Jumamosi hii, tarehe ishirini na nne Mei, saa nane mchana.

Mama yako